Mchore Anayepumua

Wewe unayenakili sura za kwenye simu kila usiku, inatosha!

Picha imeshakufanyia kazi yote. Imeutuliza mwili, imechagua kivuli, imembana mtu akawa bapa. Wewe umebaki na nini cha kufanya?

Mchore anayepumua.

Unasema Singida hakuna darasa la kuchora watu. Nani kakuambia darasa ni bango na geti? Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake, Kampala. Barazani! Hapo ndipo ilipochipukia shule ya sanaa ya Makerere, akapita Sam Ntiro, kijana wa Kilimanjaro, hadi chuo cha sanaa cha Slade kule London.

Wewe baraza huna?

Wewe na wenzako mko wanne. Karatasi zilizochapwa upande mmoja mtazipata steshenari. Mkaa upo jikoni. Mmoja akae, na nguo zake, wengine wachore, kisha mpokezane.

Anzeni na dakika moja. Hakuna macho, hakuna vidole. Mstari wa mgongo tu, na mguu uliobeba uzito. Basi, mwingine! Dakika moja tena. Tena! Mkono unauma? Uume. Sasa dakika tano, sasa ishirini. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, pima kwa penseli: mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Wewe umempa vitano. Ulimtazama, au ulimkisia?

Tazama. Chora. Tazama tena.

Viganja vinakutisha? Vinamtisha kila mchoraji. Vichore hivyo hivyo, vikitoka kama mihogo chukua karatasi nyingine uanze upya.

Na usiniambie habari za vifaa. Jirani zetu wa kale wa Kondoa waliwachora watu mwambani kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka michoro ile kwenye urithi wa dunia. Wao nani aliwanunulia penseli?

Unangoja nini? Cheti? Mwaka mpya? Jicho lako lina uwezo mkubwa, nawe umelilaza!

Wenzako hawajafika? Usiwangoje. Fundi cherehani yuko kibarazani, ameinama tangu asubuhi, shingo mbele, mguu kwenye pedeli. Msalimie, mwombe ruhusa.

Anza na mgongo.