Figo ya Ndugu

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Richard Herrick, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kabisa, alimpelekea pacha wake Ronald kikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yupo na haondoki. Kulipokucha, daktari Joseph Murray na wenzake wakapandikiza figo ya Ronald mwilini mwa Richard, na kwa mara ya kwanza duniani upandikizaji wa figo ukampa mgonjwa miaka ya kuishi.

Kwa nini anayekufa amfukuze anayekuja kumwokoa? Huenda alimwonea huruma. Huenda pia aliogopa deni. Deni hudai kurudishwa, hata mdai akinyamaza. Zawadi hutoka bila kungoja marejeo. Figo hairudishwi. Basi mpokeaji abaki mdaiwa maisha yake yote?

Mtu atasema nia ya mtoaji ndiyo huamua. Mimi naona haitoshi, kwa kuwa nia njema nayo yaweza kuzaliwa na woga wa kulaumiwa. Kile kikaratasi kilimfungulia Ronald mlango wa kutokea, naye akabaki. Bila mlango ule, nani angejua kama alitoa au alitolewa?

Swali hili limeshafika kwetu. Tangu Novemba 2017, hospitali ya Muhimbili hapa Tanzania ilipoanza kupandikiza figo, kuna familia zinazoketi kikao, vipimo vinamwangukia mmoja, na wote wanamgeukia. Ndugu ni ndugu, wanasema, na ni kweli. Lakini wajibu ni mzigo ambao mtu anaukubali kuwa wake. Shinikizo ni mzigo anaotwishwa kwa macho ya wengine. Anayetoa kwa wajibu bado anatoa. Anayeshinikizwa ananyang'anywa, tena na watu wanaompenda.

Richard alimwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto, akafariki 1963. Sithubutu kuuliza kama miaka minane ilistahili figo nzima, maana aliyekuwa na haki ya kupiga hesabu hiyo alikuwa Ronald peke yake.

Wapo madaktari wanaomwita mtoaji faraghani, ndugu wakiwa nje, na akisita huwaambia jamaa tu kwamba hafai kutoa. Wengine wataona wanaficha ukweli. Kwangu mimi, wanamwandikia kile kikaratasi ambacho mgonjwa wake hakuweza kukiandika.