Usahaulifu wa Wazee: Si Uchawi, Wala Si Uzee Mtupu

Ukipita Kariakoo asubuhi, katika mitaa ya Kongo na Sikukuu, huenda ukamkuta mzee mwenye duka ambaye kwa miaka arobaini hakuandika deni hata moja. Yote yamo kichwani mwake. Tuseme siku moja anamrudishia mteja chenji mara mbili. Baada ya miezi kadhaa anamwuliza mwanawe swali lile lile mara nne kabla ya adhuhuri. Kisha anatoka kwenda msikitini, njia aliyoizoea tangu ujana wake, naye anapotea. Hapo majirani huanza kunong'ona. Mmoja asema amerogwa na mwenye duka la jirani. Wa pili asema ni malipo ya dhambi zake. Wa tatu, ajionaye mwenye hekima kuliko wote, asema: "Ni uzee tu, mwacheni."

Wote watatu wamekosea. Hao wawili wa kwanza kosa lao laonekana wazi, nalo lina damu. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mzee anayesahau na kusema yasiyoeleweka yu karibu sana na hatari hiyo.

Lakini huyu wa tatu atatuletea hoja ya dini. Atasema kwamba Mtume s.a.w. alifundisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee, na kwamba Qurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yataja watu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu hata wasijue kitu baada ya kujua. Ni kweli. Ila aisome tena aya hiyo: yasema baadhi yenu, haisemi nyote. Uzee humfikia kila aishiye sana. Hali hii huwafikia wachache. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikuta kama sita katika kila mia wana maradhi haya. Je, wale tisini na zaidi hawakuwa wazee?

Basi ni maradhi. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza aliyoyakuta katika ubongo wa mwanamke mmoja aliyekufa katika hali hiyo. Leo twajua kwamba protini mbili, amiloidi na tau, hujikusanya katika ubongo, na kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo seli hutumia kupelekeana habari, hupungua. Ajabu ni kwamba mkusanyiko huo waweza kuanza miaka kumi na mitano au zaidi kabla ya dalili ya kwanza. Yaani mzee wetu alipokuwa angali akihesabu madeni kwa ufasaha, huenda jambo lilikwisha anza ndani. Wala si kila mwenye amiloidi hufikia kusahau.

Mtume s.a.w. alikuwa akiomba kinga ya Mungu na umri huo dhaifu. Aombaye kinga na ajikinge pia. Wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yakirekebishwa, karibu nusu ya maradhi haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa: miongoni mwake shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, uziwi na upweke. (Sijui kwa nini twavaa miwani bila haya, lakini kifaa cha masikio twakificha.)

Na mwana wa yule mzee afanye nini? Kwanza ampeleke hospitali. Muhimbili si mbali na Kariakoo. Usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo, au huzuni nzito, na huo hutibika. Ikiwa ni maradhi yenyewe, dawa zilizopo humsaidia mgonjwa kwa kiasi, haziyaondoi. Basi asimfungie ndani. Amwekee kiti dukani, fedha azishike mwenyewe. Na kwa kuwa Mungu amekataza hata kuguna mbele ya mzazi aliyezeeka, lile swali la nne alijibu kwa sauti ile ile aliyolijibu la kwanza.