Uso wa Nyumba na Haki ya Jirani

Mwenye nyumba hukaa nyuma ya ukuta wake. Anayeutazama ukuta huo asubuhi na jioni ni jirani. Hivyo sehemu ya nje ya nyumba ni mali yenye shaka kidogo. Aliyelipa tofali na msumari ni mmoja, na wanaoishi na matokeo ya tofali na msumari ni wengi. Mtu akitaka kubadili rangi, paa, ua au dirisha la nyumba yake, je, ni wajibu wake kuomba ridhaa ya wengine? Na akiwajibika, wengine hao wampime kwa kipimo gani?

Katika Marekani swali hili limejibiwa kwa karatasi. Anunuaye nyumba katika mtaa wenye chama cha wenye nyumba hununua pamoja nayo mkataba ulioandikishwa kabla hajafika. Siku atakapotaka kubadili uso wa nyumba, huandika ombi, akaambatisha mchoro na kipande cha rangi aliyoichagua, akalipeleka kwa kamati ya majirani waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Kamati hulilinganisha ombi na mkataba, kisha hulikubali, hulikataa, au hulikubali kwa masharti. Aanzaye kazi kabla ya jibu aweza kutozwa faini na kuamriwa kubomoa alichojenga. Hoja ya watetezi wa desturi hii ni nyepesi kufahamika: nyumba moja mbovu hushusha thamani ya nyumba kumi.

Hoja hiyo haina budi kuchunguzwa, maana imewahi kutumiwa kwa uovu. Katika mitaa mingi ya nchi hiyohiyo mikataba ya wenye nyumba ilikataza watu weusi kuuziwa au kukaa humo, na thamani ya nyumba ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka St. Louis, iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumiwa kutekeleza mapatano ya namna hiyo. Thamani, basi, si kipimo kinachojitosheleza. Huweza kuwa kinyago kilichovikwa chuki.

Mji Mkongwe wa Unguja una hoja iliyo bora zaidi. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Abadiliye mlango au roshani pale hugusa kumbukumbu ya watu wengi, walio hai na waliokufa. Walakini hata hapo pana deni lisilotajwa sana: aambiwaye atumie chokaa mahali pa saruji hulipa tofauti kutoka mfukoni mwake, na uzuri wake hufaidiwa bure na kila apitaye njiani.

Namawala, kijiji cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, magharibi ya Ifakara, hakuna chama cha namna ile ya Marekani. Hakuna kamati ya kupima rangi. Na kwa hakika ingekuwa kichekesho. Lakini ni hapo swali linapopata uzito wake wote, kwa kuwa uso wa nyumba za huko umekuwa jambo la uzima na mauti. Nyumba ya miti, udongo na nyasi huachwa mwanya kati ya ukuta na paa. Mwanya huo hupitisha hewa, na usiku hupitisha mbu. Wachunguzi waliofanya kazi Namawala walieleza mwaka 1993 kwamba mkazi wa kijiji hicho alipata kwa wastani zaidi ya maumo 300 yenye vimelea vya malaria kwa mwaka. Hiyo ni karibu na umo moja kila usiku, kwa mtoto na kwa mzee.

Sasa mtu akiuziba mwanya wake, afanya jambo la nyumbani kwake peke yake? Mbu aliyekosa njia kwake aweza kudhaniwa kuwa ataitafuta kwa jirani, na jirani angekuwa na haki ya kuuliza. Swali la namna hii halijibiwi kwa hisia. Hujibiwa kwa uchunguzi. Utafiti uliofanywa kusini mashariki ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 ulijaribu tepe za gunia zilizotiwa dawa ya kufukuza mbu na kufungwa penye mwanya huo. Ulionyesha kuwa zaweza kuwakinga wenye tepe na majirani wasio nazo pia. Hofu ilikuwa ya haki, ushahidi ukaipunguza. Kamati yoyote ya majirani ingefaa kuiga utaratibu huo: jirani aeleze dhara analoliogopa, na dhara hilo lipimwe kabla mtu hajakatazwa. Asemaye tu kwamba ukuta haumpendezi hajaeleza dhara.

Kijiji hakikosi chombo cha kusikiliza hoja. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, ambazo hupita katika mkutano wa wanakijiji na kuthibitishwa na halmashauri ya wilaya. Chombo hicho chaweza kuamuru kila mwanya uzibwe. Lakini amri hiyo ingempata kwanza mjane asiye na fedha za wavu, na anayeishi miezi ya kilimo katika kibanda cha shambani. Kumwamuru pasipo kumpa wavu ni kumtoza faini kwa sababu ya umaskini.

Tena mwanya ule una kazi nyingine isiyoonekana kwa asimamaye nje. Katika nyumba inayopikiwa ndani, moshi wa kuni hutokea hapo. Ukizibwa na jiko likabaki mahali pake, kijiji kitaona ukuta uliokamilika. Mpishi na mtoto aliye mgongoni mwake ndio watakaokohoa.