Fundi wa Simu na Kioo cha Darubini

Hadithi hii nimeitunga, lakini vifaa vyake ni vya kweli, na kosa lililomo limeharibu darubini nyingi duniani. Mwalimu mstaafu wa fizikia na vijana wachache wa mtaa wa Kayole, Nairobi, hutazama nyota juu ya paa la ghorofa. Taa za mtaani za mulika mwizi zimewaachia kidogo cha kutazama: Mwezi, Mshtarii, Zohali na nyota kali. Kinatosha. Mtoto aliyeziona pete za Zohali kwa jicho lake mwenyewe hahitaji kubembelezwa apende sayansi. Susan Murabana na Daniel Chu Owen walilijua hilo walipoanzisha Travelling Telescope mwaka 2014, wakawa wanazungusha darubini shuleni kote Kenya.

Jioni moja akapanda fundi wa simu, kijana hodari ambaye watu hutoka Umoja na Donholm kumletea simu zilizoshindikana kwingine. Akajitolea. Mota ya darubini ilikuwa imekufa. Akaisolda waya, akaiunganisha na betri ya volti 12, ikazunguka. Hakudai hata nauli. Wote wakampenda, na walikuwa na haki ya kumpenda.

Kisha akachungulia ndani ya darubini.

"Mwalimu, kioo kimejaa vumbi. Nikisafishe?"

"Kisafishe tu, mwanangu. Wewe ndiye fundi."

Akafanya kama afanyavyo kila siku kibandani: spiriti, kitambaa laini, mkono wa kuzungusha. Lakini skrini ya simu imeundwa ivumilie vidole na mifuko ya suruali. Hata kioo cha ukutani kimepakwa nyuma, glasi ikiukinga utando unaoakisi. Kioo cha darubini hupakwa alumini upande wa mbele, wazi kabisa, na utando huo ni mwembamba kiasi cha sehemu moja ya elfu ya unywele. Vumbi la Kayole nalo, penye machimbo ya mawe, lina chembe ngumu. Kila alipozungusha mkono, alizikokota juu ya alumini.

Linaloniuma ni kwamba vumbi lile halikuwa na neno. Kioo chenye vumbi hupoteza mwanga kidogo tu. Kilichokwaruzwa huutawanya, na sayari ikazingirwa na ukungu. Wazoefu hukiacha kioo miaka bila kukigusa. Wakilazimika, hukipuliza, hukimwagia maji yenye tone la sabuni, hukisuuza kwa maji safi ya kuongezea betri (yale yasiyo na chumvi, si asidi), kisha hukisimamisha kikauke chenyewe. Kukipaka alumini upya huhitaji chumba kilichonyonywa hewa, na hilo si la kibanda cha jua kali.

Simlaumu kijana peke yake. Tunaona haya kumhoji anayetusaidia bure. Fundi wa kulipwa tungemsimamia: hicho unachopaka ni nini, umewahi kukitumia wapi? Wa kujitolea tunamshukuru na kumwachia funguo. Naye, akishaitwa fundi mbele za watu, hapati tena pa kusema, "Hili silijui."

Wakubwa pia yaliwapata. Darubini ya Hubble ilirushwa angani mwaka 1990 ikiwa na kioo kilichosuguliwa kwa ustadi mkubwa, katika umbo lisilo sahihi. Kifaa cha kupimia umbo hilo kilikuwa kimefungwa vibaya kwa milimita 1.3. Vipimo vingine, rahisi zaidi, vilionyesha kasoro mapema, vikapuuzwa kwa kuwa kile kikuu kiliaminiwa mno. Ilibidi wanaanga wapande Desemba 1993 kuirekebisha. Wale hawakukosa elimu. Walikosa mtu wa kusema, "Hebu tupime tena," na akasikilizwa.

Pale Kayole, swali moja lingetosha: kioo hiki kimepakwa upande gani? Mwalimu alilijua jibu, alishalifundisha darasani. Au wangelijaribu spiriti na kitambaa kwenye kipande cha kioo kisicho na kazi, wakakitazama juani kabla ya kugusa chao.

Kijana aliacha kuja, kwa aibu. Mwalimu akamfuata kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja akingoja zamu yake.

"Nimekuja kuomba msamaha," akamwambia. "Ulikuja kutusaidia, nami nikakuacha peke yako. Mota imesimama tena. Safari hii tutaifungua pamoja."

"Ina volti ngapi pale kwenye plagi?" kijana akauliza.

"Sijui," akasema mwalimu. "Twende tukapime."