Mmemnyima Askari Kilio

Enyi watunzi wa riwaya na wa filamu za vita, neno hili ni lenu. Msitafute jirani wa kumpelekea.

Hadithi zenu zina matanga ya dakika moja. Askari anaanguka, mwenzake anampakata, anauelekeza uso mbinguni, anapiga ukelele, anaapa kulipiza. Ukurasa wa pili keshaua kumi na machozi yamekauka. Yule aliyekufa hakuwa mtu, mlimweka pale awe kuni. Hamkutwambia kama alikuwa akikoroma, wala kama alidaiwa na mwenziwe shilingi mia tano na sasa deni hilo linamchoma mdai kuliko jeraha. Mnauza kisasi, na sisi wanunuzi hatuna udhuru: Elvis Musiba aliipa riwaya yake jina la Kikosi cha Kisasi, tukaisoma kwa uroho.

Homer, Mgiriki wa kale, aliwashinda zamani. Achilles wake akipata habari kwamba Patroclus ameuawa anajimwagia majivu kichwani, anagaagaa mavumbini, anakataa chakula. Kisha anamuua Hector aliyemuua rafikiye. Ninyi mngeishia hapo. Homer haishii hapo, kwa kuwa kisasi hakimtoshi mtu wake: usiku anageuka huku na huku, usingizi hauji, anainuka kwenda kuiburura tena maiti ya adui. Na wa Pwani hii hii, Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives ya mwaka 2020, anamrudisha Hamza kutoka jeshi la Wajerumani akichechemea, na vita vinamfuata mpaka kitandani.

Ardhi ya hadithi kama hizo mnaikanyaga kila siku. Mwaka 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walivuka mpaka kuingia pwani ya kusini mwa Kenya kupitia Vanga, watu wakapigana Majoreni na Gazi. Arthur Wavell, Mwingereza aliyefunga safari ya hija mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari (huyo naye ni riwaya peke yake), aliongoza kikosi cha Waarabu alichokiunda Mombasa, akauawa Januari 1916 upande wa Mwele, nyuma ya milima ya Shimba. Akajengewa mnara mbele ya Fort Jesus. Waliomwona akianguka, na kuwaona wenzao wakianguka pamoja naye, walilala vipi usiku ule? Sijaona aliyeandika.

Tusiseme ni ya kale. Alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016, al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wetu wa Kenya huko El Adde, Somalia. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja waliouawa 180 au hata 200. Nairobi ikakana, na yenyewe isitoe idadi kamili. Mwaka uliofuata ikavamiwa kambi yetu nyingine huko, Kulbiyow. Na wananchi tulifanya nini? Tulirushiana picha za maiti kwenye simu, tena wengine wakiweka vikatuni vya machozi chini yake. Serikali ikificha idadi na sisi tukigawa miili, aliyenusurika abakiwe na nini cha kwake?

Na ninyi watazamaji, nimewaona Ukunda, kwenye kibanda cha sinema. Kwenye skrini askari ameshika buti la mwenzake, mabega yanamtikisika, hasemi kitu. Msimulizi anayeitafsiri filamu kwa Kiswahili akaona kimya kitamharibia biashara, akamfanyia mzaha wa mwanamume anayelilia kiatu cha mtumba. Banda zima likaangua kicheko. Jamaa mmoja wa nyuma, ambaye mtaa unajua alikotumwa, aliinuka akatoka kabla ya picha kwisha. Mkamwambia, "Jikaze kisabuni!"

Na ninyi ndio watu wa hanga, yaani matanga! Mdigo akifiwa mikeka hutandikwa, wanawake huja wakilia tangu njiani, hitima husomwa, na hakuna anayemwuliza mfiwa atapoa lini. Lakini kijana wa Msambweni akirudi kutoka Somalia bila mwenzake waliyelala naye handaki moja, mnamwambia alhamdulillahi umerudi salama, kisha mnamtaka awasimulie walivyowapiga al-Shabaab. Mwenzake kazikwa Kakamega au Nyeri. Huyu wa kwenu atalilia kwenye mkeka wa nani?

Andikeni basi askari anayemkasirikia maiti kwa kufa. Andikeni anayeona afueni kwamba risasi haikumpata yeye, kisha hawezi kumtazama mjane machoni. Andikeni anayecheka pasipo mahali pake, anayefua sare ya marehemu ilhali hakuna atakayeivaa, asiyelipiza kisasi chochote kwa sababu hajui hata aliyepiga ile risasi ni nani. Mpeni kurasa. Na ninyi wasimulizi wa vibanda, askari akianza kulia, zimeni maikrofoni. Mkishindwa, rudisheni pesa za watu.