Ni Sisi, Fungua

Kwenye jengo letu hapa Jordbro, kusini mwa Stockholm, barua hupenyezwa kwenye upenyo wa mlango na kuangukia sakafuni. Mama mmoja wa ushirika wetu, mzaliwa wa Kivu Kusini, alikuwa akiziokota na kuzitia zote kwenye mfuko wa dukani nyuma ya kochi, bila kufungua hata moja. Simu ya namba ngeni alikuwa hapokei. Mtu akigonga, alikuwa akizima televisheni na kutulia tuli mpaka nyayo zipotelee kwenye ngazi.

Simcheki. Aliyekulia mahali ambapo mlango ukigongwa usiku ni bunduki imekuja, haanzi kuuamini mlango kwa sababu tu amefika Ulaya. Ila Uswidi ni nchi ya makaratasi. Dai la deni likifika kwenye ofisi ya serikali inayokusanya madeni, unaandikiwa barua na kupewa siku chache, kwa kawaida 10, za kulipinga. Ukinyamaza, uamuzi unatolewa bila wewe, na doa hilo linakaa kwenye rekodi yako miaka 3. Jaribu kupanga nyumba ukiwa nalo! Uamuzi wa idara ya uhamiaji nao una wiki 3 tu za kukata rufaa, uwe umeisoma barua au umeificha.

Wahubiri wetu hulimaliza jambo hili la hofu kwa kutuambia tusiogope, kisha tunaingia kwenye sadaka. Injili ya Yohana haina haraka hiyo. Katika sura ya 20 wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu, Yesu anasimama katikati yao, wanafurahi. Siku nane baadaye milango bado imefungwa. Wamekwisha kumwona aliyefufuka, na komeo liko palepale! Wala hakuwagombeza kwa hilo. Aliwajia tena.

Namfikiria pia Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mhubiri yeye mwenyewe. Hospitali yake ya Panzi iko chini ya CEPAC, kanisa lililotokana na wamisionari wa Kiswidi. Mwaka 1996 wagonjwa na wauguzi wake waliuawa hospitalini Lemera. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani; mlinzi wake, Joseph Bizimana, akauawa. Daktari akaichukua familia yake, akakimbilia Ulaya. Nani amlaumu? Lakini wanawake aliowatibu, maskini hohehahe wengi wao, wakaanza kuuza mananasi na mboga ili wamkatie tiketi ya ndege. Januari 2013 akarudi Bukavu. Tuzo ya Nobel alipewa 2018, na ni heshima kubwa, ila kwangu mimi yale mananasi yana uzito zaidi.

Ndiyo maana siamini kwamba ujasiri wa imani mtu huukamua peke yake chumbani kwa kufumba macho kwa nguvu. Mungu ana desturi ya kuutuma kwa mkono wa mtu. Yule mama hakutolewa mafichoni na hubiri. Kina mama wawili wa kundi la maombi walimfuata Jumamosi moja, wakamwita mlangoni kwa Kiswahili cha kwao: “Mama, ni sisi, fungua. Tumekuletea sombe.” Akafungua. Wakaomba kwa ufupi, wakala, kisha wakamwaga ule mfuko mezani, kijana mmoja akisoma Kiswidi. Nyingi zilikuwa matangazo. Moja ilimwita hospitali kupimwa saratani ya matiti. Mbili zilikuwa za deni, na moja kati ya hizo muda wake ulikuwa umekwisha pita. Analilipa hadi leo kidogo kidogo.

Msomaji, kama kuna mwenzako wa ibada asiyeonekana mwezi mzima, usimtumie mstari wa Biblia kwenye simu. Nenda kabishe hodi, taja jina lako kwa sauti, na umchukue mtu anayesoma Kiswidi.