Jina la Mwingine Mgongoni mwa Saa

Siku moja tuliketi mezani pa fundi saa mjini Mwanza tukingoja saa yetu, tukaona jambo ambalo mpaka leo halijatutoka moyoni. Alikuja mzee mmoja mwenye mashua, naye ana saa ya mkono ya dhahabu, kazi ya Uswisi, aliyoinunua kwa mchuuzi wa vitu vilivyotumika. Nyuma yake palichongwa jina la mtu asiyemjua, na shukrani kwa utumishi wa miaka thelathini, na mwaka 1974.

Mzee akasema, “Mwanangu, nifutie haya. Mtu akiyasoma atadhani nimeiba.”

Fundi akajibu, “Kufuta naweza, mzee wangu. Lakini huyo aliyekuuzia, yeye aliipata wapi?”

Kwanza na tueleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani ni kama kufuta chaki ubaoni. Herufi iliyochongwa ni shimo, na shimo haliondoki ila kwa kulijaza madini mengine, au kwa kupunguza madini yote yanayolizunguka mpaka yalingane na kina chake. Kujaza hufanywa kwa mwali wa leza, nayo ni kazi ya ghali. Kupunguza hufanywa kwa msasa na kung'arisha; kifuniko hutoka chembamba, chepesi kubonyea, na pengine alama ya ubora wa dhahabu huliwa pamoja na jina. Wako pia watafutao kifuniko kingine, na kile cha kale wakakiweka sandukuni.

Basi, je, ni haki? Mwenye mali, twasema, ana ruhusa juu ya mali yake. Huku ziwani mtu akinunua mtumbwi hupaka rangi juu ya jina la kale akaandika lake, wala hakuna anayenung'unika. Lakini jina la mtumbwi ni neno la mwenyewe juu ya chombo chake. Maandishi ya saa ile ni neno la watu kwa mwenzao. Mzee alinunua dhahabu na magurudumu yake. Shukrani ile hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuiuza.

Tena twaona ajabu moja. Mwezi wa Oktoba 1917 ungekuwa wa kale mno kwa mfano wetu. Tutazame Oktoba 2017, huko New York, iliponadiwa saa ya Paul Newman, mwigizaji wa sinema na mshindani wa mbio za magari. Nyuma yake mkewe alikuwa amechongesha maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 17, na maneno yale yalikuwa sehemu ya thamani yake. Kumbe mchoro wa mtu mashuhuri huongeza bei, na wa karani asiyejulikana huitwa uchafu, ukapelekwa kwenye msasa! Wala hatudhani huyu wa pili alipendwa kidogo kuliko yule.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu mzee. Aibu ya kudhaniwa mwizi ni nzito, hasa kijijini. Mkristo atakumbuka ya kuwa Haruni alivaa mabegani mawe yaliyochorwa majina ya wana wa Israeli, yasiyo lake hata moja. Lakini Haruni aliamriwa, na watu wote walijua sababu. Mzee wetu angemweleza nani? Afutaye ili aondoe aibu si sawa na afutaye ili mnunuzi wa pili asijue. Ila msasa hauwatofautishi, na jina likiisha kuondoka, mwenye kuibiwa hana tena shahidi.

Ndiyo maana fundi aliuliza lile swali. Mzee alinyamaza kitambo, akaomba asomewe maandishi mara ya pili, polepole. Kisha akaifunga saa katika leso, akasema anakwenda kumtafuta yule mchuuzi kabla hajafunga.